Nilivyosuka Jua la Ziwani Wakati wa Vita

Mmezidi kuniuliza. Kila mkija hapa na ukindu wenu mnaanza: Bibi, ule mkeka wa jua unasukwaje? Bibi, ile rangi ya giza uliipata wapi? Haya, leo nasema yote, na huyu mjukuu wangu aliyesomea ualimu anaandika. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitilie maneno ya shuleni. Akitia, nitamsikia akinisomea, na bakora yangu iko hapa.

Kusuka nimeacha. Vidole vimekakamaa, nikishika shazia, ile sindano ya kushonea mkeka, inaniponyoka. Lakini nimesuka tangu sijavunja ungo mpaka nimeyazika meno yote, na mikeka yangu imelaliwa Utete, Kibiti, Bungu, mpaka Dar es Salaam. Maharusi walioilalia sasa wenyewe ni mabibi. Kwa hiyo nikikwambia ukili wako, huo mkanda unaousuka, umelegea, mwanangu, usinune. Kaza.

Nianze na rangi, maana ndiko mnakoharibu. Siku hizi mnanunua rangi ya kopo dukani, mnatia kwenye maji ya moto, kufumba na kufumbua nyekundu imekolea, mmefurahi. Haya. Anakuja mgeni na kanzu yake nyeupe, hewa ya masika ina unyevu, anaukalia mkeka, anainuka tako lote jekundu anakwenda msikitini. Mnacheka? Mwulizeni kama naye alicheka.

Sisi rangi tuliitafuta. Nyekundu ni magome ya mkoko. Tuliletewa na watu wa Maparoni, kule mto unakoingia baharini, walipopanda mto na samaki wao wakavu. Unayaponda, unayaloweka siku mbili, ndipo unachemsha na ukindu ndani. Nyeusi ni mizizi ya mdaa. Manjano ni bizari, ila bizari haivumilii jua, ukianika mkeka wako mchana kutwa utakuta imekwenda zake. Na chungu kiwe cha udongo. Hilo la chungu nililijua kwa kuumbuka.

Aliyenifunza ni shangazi yangu, Bi Mwamvua, dada wa baba. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, kwa hiyo shangazi alikuwa mama, alikuwa somo wa unyago, na alikuwa mwalimu wa ukili. Mkali! Alikuwa haongei na wewe wakati unasuka, anapitisha kidole gumba juu ya kazi yako, na kidole kikikwama mahali, anafumua toka pale mpaka mwisho. Anafumua tu, anakurudishia. Nimelia juu ya ukili mimi.

Siku moja tulikuwa na mkeka wa harusi, na chungu kilikuwa kimepasuka. Nikajifanya mjanja, nikaenda kwa mwenye duka nikaazima sufuria ya chuma, nikachemshia magome ya mkoko humo. Nikafunua nione nyekundu yangu. Loo! Rangi imekuwa ya kiza, si nyekundu, si nyeusi, kama damu ya juzi. Shangazi akaja, akainua utepe mmoja kwa vidole viwili.

"Rangi gani hii?"

"Nyekundu, shangazi."

"Nyekundu hii imefiwa na nani?"

Kijiji kizima kilinicheka wiki nzima, watu wakipita mlangoni wananipa pole ya msiba. Lakini shangazi hakuutupa ule ukindu. Aliufunga, akauweka darini, akasema utapata kazi yake. Basi kumbukeni: magome kwenye chuma yanaiva kiza. Ukitaka nyekundu, udongo. Ukitaka ile ya kiza, sasa unajua pa kuipata.

Kitu kingine alichonifunza ni kwamba ukili haukatwi. Unasuka mkanda mmoja mrefu, tangu mwanzo wa mkeka mpaka mwisho, halafu unaushona ubavu kwa ubavu. Ukikata, mkeka una viungo, na kiungo ndiko unakoanza kufumuka. Sheria hiyo nilikuja kuivunja mbele yake, naye hakufumua. Mtasikia kwa nini.

Sasa hilo jua. Watu huniambia, Bi Tatu, wewe Mungu alikupa jicho, ulizaliwa unapenda kutazama jua likizama. Uongo mtupu. Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa ziwa, mwendo wa asubuhi moja kutoka Utete, na jua lilizama mbele ya milango yetu kila siku aliyoileta Mungu. Nani alilitazama? Jua likishuka unawahi kuteka maji kabla viboko hawajapanda kula, unawahi kuwasha moto, unawahi kuswali. Nilikuwa mke wa mtu tayari na sikuwahi kukaa kulitazama hata mara moja. Vita ndiyo iliyonikalisha.

Vita ya Maji Maji mnasimuliwa na wanaume, nao wanasimulia mapigano. Mimi pigano sikuliona. Niliona pamba, niliona moshi upande wa milimani, na nilimwona mume wangu anarudi akichechemea.

Mume wangu Selemani alikuwa Mmatumbi, mtu wa milimani. Alishuka kwetu kutafuta pa kulima mpunga, akanipata mimi. Mpole, mkulima wa haja, lakini maji aliyaogopa kupita kiasi. Kuogelea hajui. Akipanda mtumbwi anashika kingo mbili kwa mikono miwili na kufumba macho. Shangazi alikuwa akimwita mkwe wa nchi kavu, naye anacheka tu.

Kwenye shamba la pamba la akida alichapwa fimbo mbele yangu kwa kuchelewa siku moja. Nilikuwa nimesimama hapo na jembe langu, nahesabu, na siwezi kufanya lolote. Baadaye ndugu zake wakamletea habari: huko juu watu wameng'oa pamba, na kuna dawa ya maji, ukiipata risasi ya Mdachi inageuka maji. Akafikiri siku tatu. Siku ya nne akaondoka. Sikumzuia, nilikuwa na hasira kama yeye.

Alirudi vuli ikikaribia. Alitokea alfajiri nyuma ya migomba, paja la kushoto limetobolewa na risasi, kaka zake wawili amewaacha huko huko. Hata salamu hakutoa. Aliniambia, "Tatu, hazikugeuka." Nikamshika, nikalia, halafu nikaanza kufikiri nitamweka wapi.

Nyumbani haikuwezekana. Askari wa Mdachi walikuwa wanapita kijiji kwa kijiji kutafuta walioipokea dawa, na mwenye kidonda cha risasi angejitetea vipi? Waliochukuliwa kwenda bomani kutoka vijiji vya jirani, kilichorudi ni habari zao tu. Shangazi ndiye aliyesema, "Kisiwani."

Ziwani mle kulikuwa na kisiwa kidogo cha matete, upana wake nyumba mbili tatu. Watu hawakai, mbu tu na ndege.

"Mtu wa milimani watamtafuta milimani," shangazi akasema. "Nani atakwenda kumtafuta majini mtu anayeogopa maji?"

Selemani alimtazama kama kahukumiwa. Lakini alikwenda. Nilimvusha mwenyewe kwa mtumbwi wa shangazi, kafumba macho njia nzima, na tulipofika ilinibidi nimbandue vidole kwenye kingo kimoja kimoja.

Siku chache baadaye askari wakaja, na hawakupita. Wakapiga kambi kwetu. Mkubwa wao alikuwa shaushi mmoja mrefu, sauti yake ndogo, haiendani na mwili. Alikuwa na mkewe, Bi Mariamu, mwanamke wa Pangani, maana askari wale walitembea na wake zao wakiwapikia. Bi Mariamu alikuwa mtu wa makamo, hana maneno. Kila jioni alikwenda kuoga kwenye gogo letu la kufulia, akarudi na kanga yake imelowa, hajasalimiana na mtu.

Mimi kila alasiri nilibeba kikapu. Chini wali na samaki, juu ukindu. Napita mbele ya kambi, nafika kwenye gogo, naendelea kidogo, napinda ndani ya matete. Mtumbwi uko humo. Natia pondo, nasukuma, nazunguka nyuma ya matete nisionekane, nafika kisiwani. Anakula, namsafisha kidonda, namfunga. Narudi jua limezama.

Siku ya tano au ya sita shaushi akanisimamisha.

"We bibi. Kila siku unakwenda wapi na ukindu?"

"Ziwani, efendi."

"Kufanya nini?"

Ningesema naloweka ukindu. Kila msukaji analoweka ukindu, ni jambo la kweli, lisingemshtua mtu. Lakini woga unaharibu akili, wanangu. Nikajisikia nasema, "Kutazama jua linavyozama. Nasuka mkeka wenye rangi zake."

Askari wake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Nimetembea nchi hii yote," akasema, "sijaona mwanamke mwenye kazi zake anakaa chini kutazama jua. Mumeo yuko wapi?"

"Alikwenda kwao. Hakurudi."

"Haya. Sisi tunaondoka mwezi ukiandama. Kabla hatujaondoka nitauona huo mkeka. Ukiwepo, nimekukosea. Usipokuwepo, nitalifyeka lile ziwa mpaka nijue kuna nini."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Nilirudi nyumbani, nikamweleza shangazi.

"Mwehu wewe!" akasema. "Si ungesema unaloweka?"

"Limeshatoka, shangazi."

Alinitazama. Halafu akapanda darini akaanza kushusha ukindu. "Basi suka," akasema.

Mkeka wa kulalia watu wawili ni kazi ya mwezi na zaidi. Sisi tulikuwa wawili na siku kumi na mbili, na mmoja wetu kila alasiri anaondoka kwenda kumlisha mtu. Lakini hata hivyo tusingeweza kuanza, kwa sababu sikujua jua linafananaje. Nyie mtasema jua ni jekundu. Hata mimi nilifikiri hivyo.

Jioni ile kisiwani Selemani anakula, mimi nimekaa nimelikodolea macho jua, mara ya kwanza maishani mwangu. Nikaona nyekundu haipo. Kuna manjano, tena nyingi, tele, inachukua mbingu nzima. Nyekundu inakuja mwishoni, nayo ni utepe mwembamba tu pale chini, ukipepesa macho umeikosa. Nikatazama maji. Maji yamegeuza kila kitu, rangi iliyo juu mbinguni kwenye maji iko chini karibu na wewe. Na ile njia ya mwanga, ile inayotoka kwenye jua inakuja moja kwa moja mpaka miguuni pako, haina rangi yoyote. Ni nyeupe. Niliikazia macho jioni tatu nikitafuta rangi yake, hakuna.

Ndipo nikajua sitaitia rangi. Ukindu mtupu, uliochemshwa na kuanikwa kwenye umande mpaka ukatakata, huo ndio utakuwa mwanga. Hili lishikeni, maana wengi wenu mnapaka rangi kila mahali halafu mnashangaa mkeka hauna uhai. Acheni mahali pawe peupe, na jirani yake pawe kiza kabisa. Na kiza nilikuwa nacho darini, ile nyekundu iliyofiwa! Baada ya jua kuingia kuna muda mfupi ambapo maji yanakuwa rangi ile ile, si nyekundu si nyeusi. Nilipoiona kwenye maji nilicheka kwa sauti. Selemani akaniuliza nacheka nini, nikamwambia sufuria.

Nasema kweli, nilipenda. Naona haya kusema lakini nasema. Mume wangu yuko pale, kidonda kinanuka, mbu wamemla uso mpaka umevimba, na mimi nasema moyoni, Mola wangu, kumbe ndivyo ulivyolifanya. Nikawa naharakisha kwenda kule, na sijui kama nilikuwa nakimbilia mume au jua.

Tulisuka. Shangazi alisuka mikanda myeupe na ya kiza, mimi manjano na nyekundu. Rangi hizi zisingekaa mahali pake bila kukata ukili, kwa hiyo nikachukua kisu nikakata, mkanda mmoja kwa kila rangi. Shangazi alifumba macho nilipokata. Baadaye alipitisha kidole chake gumba kwenye viungo vyangu vyote, kimoja baada ya kimoja, hakufumua hata kimoja.

Shaushi hakuniamini. Jioni moja alimtuma ombasha wake, askari wa cheo cha chini yake, aende na mimi. Ikabidi nikae kwenye gogo na yule mtu, ukindu mapajani, natazama jua. Mbu wa ziwa letu saa ile hawana adabu. Ombasha alijipiga makofi, akajikuna, akavuta soksi juu, akanuna, mwisho akasimama akasema, "Bibi, hili jua ni lile lile la jana." Akaondoka. Hakuna aliyetumwa tena. Sisi tulicheka baadaye, lakini siku ile Selemani alilala njaa, na hakujua kama nimekamatwa.

Na hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo. Lile la sufuria lilikuwa mchezo.

Pale kwenye gogo, ng'ambo ya pili magharibi kuna mivumo, miti mirefu kama minazi. Jua la kijijini kwetu linashukia katikati ya mivumo ile, linakatwa vipande kabla halijafika chini, na majini unaona madoa tu. Kule kisiwani ni tofauti. Kutoka kule unatazama sawasawa na mkono wa mto unapoingilia ziwani, hakuna mti, na jua linaingia majini zima. Shangazi alikuwa hajakanyaga kisiwani miaka mingi, lakini alilijua ziwa.

"Ombasha amekuona unatazamia kwenye gogo," akaniambia. "Tia mivumo."

Nikatia. Nikasuka mistari myeusi kukata ule mweupe. Nikaushona, nikarudi nyuma niutazame. Ulikuwa umekufa. Mwanga wangu wote ulikuwa umekatwa kama samaki wa kukaanga. Nikakaa nao asubuhi nzima. Halafu nikachukua kisu nikafumua mivumo yote, nikarudisha mweupe mtupu toka juu mpaka kwenye taraza, lile pindo la chini, hauna hata doa.

"Tatu," shangazi akasema.

"Askari gani atajua, shangazi? Wanaume hawa wanajua mikeka?"

"Mumeo yuko kule."

"Najua mume wangu yuko wapi."

Nilimjibu hivyo, mimi, shangazi yangu aliyenilea. Nilijua anachosema ni kweli. Lakini ule mkeka ulikuwa mzuri, na mkono wangu haukukubali kuuharibu. Msije mkadhani nilisahau. Sikusahau. Nilichagua.

Siku moja kabla ya mwezi kuandama shaushi akaniita. Niliutandika mbele ya hema lake, baada ya alasiri. Askari walikusanyika, safari hii hawakucheka. Shaushi aliuzunguka, akaugusa kwa ncha ya kiatu.

"Mimi mikeka siijui," akasema. "Mariamu! Njoo utazame."

Sikumfikiria yule mwanamke hata mara moja.

Bi Mariamu akaja, akapiga magoti. Akaushika ukili kama mtu anayejua, akaugeuza akatazama mshono wa nyuma, akanusa. "Huu mweupe hukutia rangi," akasema. "Sikutia," nikasema. "Na hii ya kiza?" Nikamwambia magome ya mkoko ndani ya chuma. Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaweka mkono juu ya ule mweupe, akautelezesha toka juu mpaka kwenye taraza. Akainua macho akatazama ziwa. Jua lilikuwa limeanza kushuka kwenye mivumo.

Mumewe alikuwa amegeuka anasema na watu wake. Bi Mariamu akaniambia kwa sauti ya chini, "Naoga pale kwenye gogo kila jioni tangu tufike. Jua la pale linakatwa na miti. Hili lako ni zima. Umekaa wapi wewe?"

Machoni mwangu nilimwona Selemani ameshikwa, kamba shingoni, na nilijua nimemkamatisha mimi, kwa ajili ya kipande cha ukindu mweupe. Nikaanza kulia pale pale bila sauti.

"Vipi?" shaushi akauliza. "Fundi au mwongo?"

Bi Mariamu alikuwa anaukunja mkeka. Hakufanya haraka. "Fundi," akasema. "Huyu amekaa akatazama. Kitu hiki mtu hasuki kwa kusikia."

"Basi," shaushi akasema, akaingia hemani.

Bi Mariamu akausimamisha ule mkeka begani, akaniinamia kama anayeniaga. "Mkeka nauchukua. Huyo wako, kesho asiwepo hapo. Mume wangu wa kwanza naye alijificha, wakati wa vita ya Pangani. Waliniuliza, mie nikababaika." Akaenda zake. Kesho yake wakaondoka, na sikumwona tena maishani. Kama alimpenda yule shaushi, kama alitekwa, kama alikuwa na watoto, sijui. Kila ninaposwali namtaja.

Asubuhi ile ile watu wa Maparoni walikuwa wanateremka na mpunga walioubadilishana kwa samaki. Nikamtoa Selemani kisiwani, akalala katikati ya magunia yao, wakamshusha mpaka kwao kwenye mikoko. Akakaa huko misimu miwili akikata miti na kuchuna magome. Walitaka kumfunza kuogelea, akakataa. Nyuma yake huku mashamba yalichomwa, njaa ikaingia, tukala ming'oko na mizizi ambayo hata jina haina. Shangazi Mwamvua alikufa katika njaa ile. Chakula alichokuwa anapata alinipa mimi, nami nilikuja kulijua hilo baada ya kumzika. Sikuwahi kumwomba radhi kwa lile jibu langu la mivumo.

Vita ilipokwisha, habari ikaja kwamba Selemani anarudi. Nikasuka mkeka mwingine wa jua, wa kumpokelea. Safari hii nilikuwa na wakati, na ule wa pili ulishinda wa kwanza. Nikautandika ndani, nikapika, nikajifunga kanga mpya.

Akaingia, akaniona, akacheka. Halafu akaona chini. Akarudi mlangoni.

"Ondoa," akasema.

"Huupendi? Selemani, ni jua letu la kisiwani."

"Najua ni nini. Hapa," akanyoosha kidole kwenye manjano, "ndipo ulipokuwa ukifika. Hapa unanifunga kidonda. Hapa penye nyekundu unashika pondo. Na hapa," akaonyesha ile ya kiza, "hapa umekwisha kuondoka, viboko wanapanda, maji yako pande zote, na mimi sijui kama kesho utakuja." Akarudisha mkono. "Wewe ulikuwa unalitazama, Tatu. Nilikuwa nakuona unalitazama. Mie nilikuwa nakutazama wewe unaondoka."

Nikaukunja. Tangu siku ile sikutandika mkeka wa jua ndani ya nyumba yangu. Niliwasukia watu, wengi, mpaka nikapata jina, na nyie mnanijua kwa hiyo. Selemani hakunikataza. Alikuwa ananiletea magome mwenyewe, ananipondea, ila nikianza kushona yeye anakwenda shambani. Tuliishi vizuri. Tulizaa watano.

Alipougua ugonjwa wa kumwondoa, mimi niliona, na yeye aliona. Nikaanza kusuka mkeka wa kumzikia, na hakuniuliza nasukia nini. Jioni moja nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, akanyoosha mkono akaushika ukili.

"Una rangi gani huu?"

"Hauna."

"Hata moja?"

"Hata moja, baba."

Akamshukuru Mungu. Akaachia ukili, akashika mkono wangu. Nje jua lilikuwa linashuka, wanawake wanaita watoto, mtu anatwanga. Mkwe wetu akaja mlangoni akaniambia, mama, kunakuchwa, njoo ule. Nikamwambia aende. Jua likaingia, ikawa giza mpaka sioni uso wake, na mimi nilikuwa pale pale.